Barafu Iko Mkono wa Kuume

Watoto wote waliosoma kwa masista wa mtaa wetu, pale Likasi, wanaijua safari ile ya baharini. Bahari hatukuwa nayo. Tulikuwa na vilima, reli, moshi wa kiwanda, na vumbi jeupe la machimbo ya chokaa ya Kakontwe lililokaa juu ya majani ya mihogo kama unga. Lakini kila mwisho wa mwaka wa masomo, mtawa mmoja mzungu, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Masere, alifunga madirisha ya darasa kwa mablanketi, akawasha mashine ya kutupia picha ukutani, akatupeleka kwao.

Kwao ni pwani ya kaskazini, mbali hata kwenye ramani, pale karatasi inapokaribia kuisha. Baba yake alikuwa na boti. Wageni walitoka mijini kuja kuona wanyama na barafu, naye akawatembeza kutwa nzima: asubuhi kutoka bandarini, mchana mbele ya ukuta wa barafu, jioni kurudi. Masere, kabla hajawa mtawa, alikuwa msichana wa boti ile. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele na kupiga kelele.

"Haikuwa kelele ya bure," alituambia kwa Kiswahili chetu, maana alikuwa amekaa Likasi miaka mingi kuliko wazazi wetu wengi. "Mugeni hajue kuangalia. Ukimuambia 'nyangumi!', anauliza 'wapi?', na nyangumi amekwisha kuzama. Unaanza na upande. Mukono ya kuume! Kisha njo unasema ni kintu gani."

Basi picha ilipotokea ukutani naye akaita "Mukono ya kuume!", sisi sitini tuligeuza vichwa kulia, ingawa picha ilikuwa mbele yetu, tukajikuta tunatazama dirisha lenye blanketi. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Masere, ile inakulikaka?" Swali hilo tuliliuliza kila mwaka, kwa kila mnyama. Simba wa bahari, wanene, waliolala juu ya mwamba wakigombania nafasi kama wamama wa soko la samaki, wanaliwa? Wanaliwa, lakini wananuka. Dubu anayegeuza mawe ufukweni? Analiwa, lakini naye anakula watu, kwa hiyo muanze nyinyi. Tai mwenye kichwa cheupe? Hapana, mwacheni.

"Na barafu, inakulikaka?" akauliza mwenzetu mmoja siku moja, na darasa zima likaanguka kicheko. Masere alimjibu taratibu. Ndiyo. Baba yake aliokota vipande majini, akavitia katika vikombe vya wageni, na vilipoyeyuka vililia tii, tii, tii, kwa sababu ya hewa ya zamani iliyofungiwa ndani. Ukuta ule, alisema, ulikuwa mto ulioganda, mto unaotembea polepole kuliko konokono, na unapofika baharini unavunjika kwa mshindo.

"Kama baruti ya Kakontwe?" niliuliza. Papa yangu alikuwa mtu wa baruti kule machimboni.

"Sawasawa na baruti ya papa yako."

Toka siku ile nilijiona nina ukoo kwao. Nilitaka kuwa msichana wa boti, wala sikumficha mtu. Nilipanga wadogo zangu katika mstari kwenye barabara ya Kakontwe, na lori la chokaa lilipotokea niliita, "Mukono ya kushoto, nyangumi!" nao wakaruka kwenye majani wakipiga mayowe. Dereva mmoja alizoea, akawa anatupigia honi mara tatu, ile sauti ya nyangumi.

Halafu ikaja miaka ile. Kampuni ya machimbo ikaanza kulipa kwa unga, kisha kwa maneno. Machimbo yakanyamaza, papa akakaa barazani na redio isiyo na betri, na mimi nikaacha masomo mwaka wa pili wa sekondari. Siku waporaji walipopita mtaa kwa mtaa, waliingia pia kwa masista. Walichukua vyerehani vitatu, mablanketi, na mashine ya picha. Lile sanduku la picha zenyewe, vile vipande vidogo vya filamu ya kuangaliwa kwenye mwanga, vyenye fremu ya karatasi ngumu, walilimwaga sakafuni wakaona halina faida.

Nilizikuta picha zile siku ya pili, nikapiga magoti kuziokota. Masere alisimama mlangoni. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, alinitambua kwa sauti tu.

"Bameacha nini?"

"Bameacha picha, Masere. Zote."

"Bon," alisema. "Bamebeba mashine, bameacha bahari."

Alinichukua nifanye kazi naye katika chumba cha kushona, kwenye cherehani kimoja kilichobaki. Asubuhi nilimshika mkono kwenda misa, mchana nilimsomea, jioni nilimtia uzi kwenye sindano, kwa sababu bado alishona vifungo kwa kupapasa. Mama yangu alikuwa amekufa nikiwa mdogo. Sitasema Masere alikuwa mama yangu, kwani nafasi ya mama haikopeshwi. Lakini nilipoamka asubuhi, mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa yeye, kama ameamka vizuri.

Ndipo ikaja barua. Sista kijana aliyekuwa mkubwa wa nyumba aliisoma kwa sauti, na mimi nilikuwepo na kikapu cha vitambaa. Wakubwa wa shirika walimwambia Masere kwamba kuna nyumba ya masista wazee, karibu na bandari ile ile alikozaliwa, na chumba kimetengwa. Hawakumlazimisha. Walitaka jibu. Gari la parokia lilikuwa linakwenda Lubumbashi Jumamosi, na kutoka pale kulikuwa na mtu wa kuruka na ndege, angeibeba barua. Jibu lilipaswa kuwa ndani ya gari hilo.

Siku mbili Masere alishona vifungo tu. Alhamisi asubuhi aliniita dirishani.

"Kufa siogope," alisema. "Naogopa kufika mahali sijue niko wapi. Hapa nahesabu hatua toka kitanda mupaka kanisa. Kule macho hayatanisaidia, kwa hiyo nitatembea na kichwa. Kama ile njia ya boti iko mu kichwa bado, nitaenda. Kama imetoka, nitabaki na ninyi, munizike huku. Weye utakuwa macho yangu. Shika picha, angalia. Minye nitasema upande, weye utasema kama ni kweli. Na usinihurumie."

"Sitakuhurumia, Masere," nilisema, na moyoni niliomba njia ile iwe imetoka yote.

Picha zote alizipiga kaka yake, amesimama mahali pamoja nyuma ya pua ya boti, hivi kwamba kila mara pua inaonekana katikati na pande zake mbili zinajulikana. Naye aliandika namba kwenye fremu, kwa kalamu, kama watu wanavyoandika nyuma ya picha ya arusi. Nilizipanga kwa namba hizo. Ya kwanza ilikuwa ya bandari tu, kwa hiyo nikachukua ya pili, nikaigeuza namba inielekee, nikaiinua kwenye jua la dirisha.

Masere alisimama wima, miguu imeachana kidogo, kana kwamba sakafu ya saruji itayumba.

"Tumetoka bandarini," alisema. "Munara ya taa, mukono ya kuume."

Nilitazama. Pua ya boti, maji ya kijivu, na mnara mweupe, mdogo kama jino la mtoto, upande wa kushoto. Mimi pia nilikumbuka kuume, toka utotoni. Lakini kumbukumbu ni kumbukumbu, na picha ilikuwa vidoleni mwangu.

"Kushoto, Masere."

"Kushoto?"

"Njo vile naona."

Akaniashiria niendelee. Nikainua nyingine, naye akasema, "Mwamba ya simba wa bahari. Ile iko kushoto. Upepo ulitoka kule, tulifunga pua juu ya harufu."

"Iko kuume, Masere."

Tukaendelea. Nyangumi alisema yuko mbele, na kweli alikuwa mbele, mgongo mweusi na moshi wa maji, nikapiga makofi kwa furaha ya kumpatia moja. Lakini kisiwa cha ndege alikosa. Maporomoko yanayoanguka kutoka jabalini moja kwa moja mpaka baharini, akakosa. Dubu na watoto wake wawili, akakosa. Kila mara alichelewa zaidi kujibu, na mikono yake, ambayo mwanzo aliinyoosha huku na huku kama askari wa barabarani, ilirudi polepole kifuani.

"Ya mwisho," alisema. "Barafu. Ile siwezi kusahau. Papa alizima mashine, boti ikajigeuza yenyewe, watu wote bakanyamaza. Barafu iko mukono ya kuume."

Niliitazama muda mrefu. Ukuta ule ulikuwa wa buluu, buluu ya maji ya shimo la Kakontwe baada ya mvua, na juu yake mlima.

"Iko kushoto, Masere."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

Alitafuta kiti kwa mkono, nikamsogezea. "Mama yangu alianza vile," alisema. "Alivaa viatu kinyume, cha kuume ku mguu wa kushoto. Tulizania anacheka na sisi. Mwisho hakujua nyumba yake." Kisha akapangusa goti lake, ingawa halikuwa na kitu. "Bon. Leta karatasi."

Nilimwandikia jibu kwa Kifaransa changu cha mwaka wa pili. Lilikuwa fupi. Alishukuru, akasema atabaki. Niliandika kwa uso wa huzuni, na chini ya ile huzuni kuna kitu kilikuwa kinacheza ngoma. Bahasha tuliiacha kwenye meza ya sebuleni, dereva aichukue Jumamosi saa mbili. Njiani kurudi nyumbani niliimba. Nilisalimu watu nisiowajua.

Ijumaa alasiri niliomba kuzichukua picha nyumbani. Nilitaka kuzishonea mfuko mzuri wa kitenge, wenye vifuko vidogo kila kipande na mahali pake, maana sasa tungekuwa nazo miaka yote. Nilikaa barazani kwenye mkeka, papa kwenye kiti chake, na mdogo wangu wa kike, mwenye miaka kumi na mmoja, akinipokeza kipande kimoja kimoja baada ya kukichungulia.

"Yaya, hii maandiko ni ya luga gani?" aliniuliza; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Wapi?"

"Ku hii boti ingine, pale bandarini."

"Ni luga ya kwao," nilisema bila kutazama. "Weye utajua luga ya kwao?"

"Na namba za kwao, biko vile?"

"Namba haina luga."

"Basi angalia hii tatu. Imelala kinyume. Sawa vile mutoto wa kwanza primaire ameandika."

Nilikichukua. Kwenye ubavu wa boti ile kulikuwa na tatu na saba, na zote mbili zilitazama upande usio wao. Nilikaa nazo kidogo. Kisha nikageuza kipande, namba ya kaka yake Masere ikaenda upande wa nyuma, na ile tatu ikasimama sawa, na saba ikasimama sawa, na maandiko yakawa maandiko.

Nikachukua picha ya pili. Nikaigeuza. Mnara wa taa ukavuka maji, ukakaa mkono wa kuume.

Nilizigeuza zote, moja baada ya nyingine, nikitumaini nitapata hata moja ya kuniokoa. Mwamba ukaenda kushoto. Dubu na watoto wake wakahama. Barafu ikahama. Masere hakukosa hata mara moja. Kaka yake aliandika namba nyuma, kama mtu yeyote anavyofanya, na mimi kwa kusoma namba nilikuwa nikitazama bahari yake kwa mgongo. Angekuwa mwingine pale dirishani, angejiuliza, inakuwaje mtu akose yote namna moja? Mimi sikujiuliza. Nilikuwa na furaha mno.

"Yaya, uko unalia?"

"Ni uzi. Imeingia mu jicho."

"Uzi yote?"

Papa alimtuma akaangalie mkaa kwenye mbabula. Alipoondoka, nilimweleza, nikimwonyesha kipande huku na huku. Papa alikiinua kwenye jua la jioni, akakigeuza mara tatu, nne, kama anapima fataki.

"Kumbe ni weye njo uligeuka," alisema. "Mumama ya watu amelala na wazo akili yake imeoza, kumbe akili iko sawa, mikono yako njo imeoza."

"Papa!"

"Nimesema nini? Nimesema kweli."

"Kama nikinyamaza?"

Hakunikaripia. Nilitamani anikaripie. Alikirudisha kipande mkononi mwangu.

"Ukinyamaza atabaki. Utamushika mukono kila asubuhi ku misa. Utamutilia uzi mu sindano. Akisahau kintu kidogo, chumvi, jina ya muntu, atasema, 'Unaona, sawa vile mama yangu.' Na weye utasema nini?"

"Sijui, papa."

"Hata minye sijui. Minye ni muntu wa baruti tu." Akachukua redio yake akaifuta vumbi. "Uko mukubwa. Fanya yako."

Bukari, ugali wetu, niliila jioni ile bila kuonja. Nilijipa sababu nyingi nzuri: huko ni baridi, huko hakuna anayejua kwamba Masere anapenda chai ya majani ya mchaichai, huko watoto hawatamuuliza kama nyangumi analiwa. Zilikuwa sababu za kweli. Nilipozihesabu zote nikaona hakuna hata moja iliyokuwa yake, zote zilikuwa zangu.

Jumamosi nilichelewa misa, nikatoka nyumbani mbio, nikiwa nimekumbatia mfuko. Gari la parokia lilikuwa limeshafika uani, dereva amelala chini yake akifunga kitu kwa waya. Bahasha ilikuwa bado mezani. Masere alikuwa kwenye uji wake.

"Leo umekuya na mbio," alisema. "Kuna nini?"

Nilisema yote kwa pumzi moja, nikiwa nimesimama, bila hata kuamkia. Namba nyuma. Tatu kinyume. Mnara. Nilisema, "Ulisema kweli yote, Masere, ni minye nilikamata bahari vibaya."

Aliweka kijiko chini. Uani dereva alikuwa akiutukana waya.

"Ulijua toka lini?"

"Toka jana saa kumi."

"Na ungeninyamazia, ungenibakisha. Haukufikiri vile?"

"Nilifikiri."

"Mupaka saa ngapi?"

"Mupaka jogoo."

Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, akafuta macho yake ya ukungu kwa kona ya aproni. "Mupaka jogoo! Minye ningefikiri juma nzima." Kisha akasimama. "Kuya dirishani. Upande muzuri, safari hii. Na kama nikikosa moja tu, nabaki."

Niliinua kipande cha pili. Alijipanga, miguu imeachana.

"Munara, mukono ya kuume!"

"Iko, Masere!"

"Mwamba, kushoto! Mufunge pua!"

"Iko!"

Sauti yake ilipanda. Haikuwa ya mwanamke mzee tena, ilikuwa ya msichana anayeshindana na upepo na mashine ya boti. Masista vijana walikuja mlangoni na vitambaa vya jikoni. Ndege, kuume. Nyangumi, mbele. Maporomoko, kushoto, mukaribie, musiogope kulowa. Dubu, kuume, watoto wake nyuma ya jiwe. Sikupata hata nafasi ya kusema "iko", alikuwa ameshapita, alikuwa anaziona kabla yangu. Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya ile kelele nilisahau nilichokuwa ninapoteza. Nilikuwa ndani ya boti. Nilikuwa ninachekelea.

Tulipofika kwenye ya mwisho alinyamaza mwenyewe.

"Amezima mashine," alisema polepole. "Boti inajigeuza."

Nilishika kipande kwa mikono miwili.

"Iko mukono ya kuume," alisema.

"Iko mukono ya kuume, Masere."

Alibaki amesimama akitazama upande ule, ukutani, palipokuwa na kalenda ya zamani na mkasi unaoning'inia. Halafu akapapasa kiti, akakaa, akaikunja mikono.

"Ile barua ya mezani, pasua. Leta karatasi ingine."

Nje dereva alipiga honi. Sista mkubwa wa nyumba akatoka kumwambia angoje. Nilikaa kwenye meza ya cherehani, nikalaza karatasi, nikaandika salamu za mwanzo, zile za kila barua, ambazo nilizijua kwa kichwa.

"Andika: Ninakuja," alisema Masere. "Andika: Njia ninaijua."

Honi ikalia tena.

"Umeandika?"

"Bado, Masere."

"Wino imeisha?"

"Hapana. Wino iko."

Aliunyoosha mkono, akakuta bega langu, akauacha pale bila kulisukuma.

"Basi andika, mutoto yangu."

Nikaandika.